Sifa ya Ukali na Njia ya Ng'ombe

Kuna maelezo kuhusu Tarime ambayo hayadaiwi ushahidi. Mtu akisikia kwamba koo za Wanchari na Walyanchoka zimepigana, nyumba zimechomwa na mifugo imeswagwa, haulizi sababu. Anasema Wakurya ndivyo walivyo, watu wa hasira, vita viko damuni mwao. Maneno hayo husemwa kwa dhihaka na watu wa mikoa mingine, na husemwa kwa fahari na baadhi ya Wakurya wenyewe, hasa waliopitia jeshini. Dhihaka na fahari hapo zinakubaliana katika jambo moja, kwamba ugomvi ni tabia ya kuzaliwa. Nadhani historia ya wilaya za Tarime na Serengeti inalikataa dai hilo. Sisemi kwamba watu wa huko hawakupigana. Walipigana, na kwa muda mrefu, na wapo waliokufa kikatili. Ninachosema ni kwamba vita vyao vina tarehe. Vilibadilika silaha, shabaha na hata adui kila mambo ya nje yalipobadilika, na sijui tabia ya kuzaliwa inayogeuka kila baada ya miaka thelathini.

Tuanze na jinsi Wakurya walivyojipanga kabla ya Wajerumani kufika. Hapakuwa na mtemi wa Wakurya wote. Palikuwa na koo, ambazo wenyewe huziita ibiaro, kila ukoo na ardhi yake: Wanyabasi, Wairegi, Wakira, Wanchari, Watimbaru, Wanyamongo, Wasweta na wengineo. Vijana wa ukoo mmoja walitahiriwa msimu mmoja kwa idhini ya baraza la siri la wazee, inchama, na mambo ya hadhara yaliamuliwa kwenye mkutano wa ritongo. Ndani ya ukoo, kuiba ng'ombe lilikuwa kosa na aibu, na damu ikimwagika ilidai fidia na utakaso. Nje ya ukoo mambo yalikuwa mengine kabisa. Kijana aliyerudi na ng'ombe wa Wamaasai, wa Wajaluo, au wa ukoo mwingine wa Wakurya hao hao, alipokelewa kwa vigelegele na wapiga ala ya litungu wakamwimba. Mtu yule yule alikuwa mwizi ng'ambo hii ya kijito na shujaa ng'ambo ya pili. Hapo ndipo nadharia ya damu inapoanza kupwaya. Kama ukali ungekuwa unachemka tu ndani ya mtu, usingejua kusimama kwenye mpaka wa ukoo. Ulisimama pale kwa sababu wajibu wa mtu kwa mwenzake ulikuwa unaishia pale.

Kusini ya Mto Mara, katika nchi ambayo sasa ni Wilaya ya Serengeti, ushahidi unakwenda mbali zaidi. Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme walikuwa wakulima na wawindaji zaidi ya kuwa wafugaji. Masimulizi yao, ambayo mwanahistoria Jan Bender Shetler ameyakusanya na kuyachambua kwa miaka mingi, yanakumbuka nusu ya pili ya karne ya 19 kama zama za balaa: ukame, maradhi, na uvamizi wa Wamaasai uliowasukuma magharibi kutoka kwenye makazi yao ya zamani mbugani. Kisha ikaja sotoka, mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikafyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki nzima. Oscar Baumann, msafiri wa Kiaustria aliyekatiza Umaasai hadi Ziwa Viktoria mwaka 1892, aliwakuta Wamaasai, waliokuwa tishio la kila mtu, wamebaki mifupa na ngozi wakiomba chakula. Katika zama hizo watu wa Serengeti magharibi walibadili mpangilio wa maisha yao. Vijana wa rika moja, bila kujali nasaba, waliwekwa kukaa pamoja katika eneo lao na kulilinda. Wageni waliokuja baadaye waliwaona vijana hao na mikuki yao, wakaandika kwamba hawa ni watu wa vita tangu asili. Kumbe walichokiona kilikuwa chombo kilichoundwa upya wakati wa dhiki, na wazee wa miaka ile wangeweza kukueleza kilianza lini.

Wanafalsafa wamelishughulikia swali hili bila kuifahamu miji ya huku kama Mugumu na Sirari, na si vibaya kuwaita mashahidi. Thomas Hobbes, aliyechapisha Leviathan mwaka 1651 huku Uingereza ikitoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, alishikilia kwamba watu wasio na mamlaka ya juu yao huishi katika vita vya kila mtu na kila mtu. Jean-Jacques Rousseau, mwaka 1755, akasema binadamu wa asili hakuwa na ugomvi wa maana mpaka pale mmoja alipozungushia uwanja ua na kuuita wake. Ukiwapima wote wawili kwa Tarime, wote wanapungukiwa. Hapakuwa na dola, lakini hapakuwa na vita vya kila mtu na kila mtu pia, maana ndani ya ukoo palikuwa na amani iliyosimamiwa na wazee wasio na polisi hata mmoja. Wala hapakuwa na paradiso ya Rousseau, kwa kuwa ng'ombe wa jirani walitamaniwa siku zote. Anayekaribia ukweli ni Ibn Khaldun wa Tunis, aliyeandika Muqaddimah mwaka 1377. Yeye aliona kwamba mshikamano wa nasaba, aliouita asabiyya, ndio unaolinda watu na ndio huo huo unaowapa nguvu ya kushambulia wengine. Mkurya aliyekuwa radhi kufa kwa ajili ya ndugu yake na Mkurya aliyechoma nyumba ya jirani wa ukoo mwingine hakuwa na nafsi mbili. Alikuwa mtu mmoja mwenye undugu uliokuwa na mpaka. Ndiyo maana naona swali la kama binadamu ni mwema au mwovu halitufikishi mbali. Linalofaa kuulizwa ni nani aliuchora mpaka ule, lini, na nani aliyenufaika nao.

Mpaka mmoja tunajua aliyeuchora. Mkataba wa mwaka 1886 kati ya Waingereza na Wajerumani ulipiga mstari kutoka pwani hadi Ziwa Viktoria, na Wakurya wakajikuta wamegawanywa: Wairegi, Wanyabasi na Wakira wakawa na ndugu wanaotawaliwa na taifa jingine la Ulaya. Mstari huo haukuwazuia watu kuvuka, ila uliwapa pa kukimbilia. Mwizi akishavuka, anayemfuata anakutana na serikali nyingine, hakimu mwingine na kodi nyingine. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia pande zote mbili zikawa chini ya Waingereza, lakini mstari ukabaki. Halafu likaja soko. Katika miaka ya 1930 migodi ya dhahabu ilifunguliwa Buhemba upande wa Musoma na Macalder upande wa Nyanza Kusini. Vibarua walihitaji nyama, miji ya Kenya nayo ikakua, na bei ya ng'ombe upande wa pili mara nyingi ikawa nzuri zaidi. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu. Ng'ombe aliyekuwa akiibwa ili aongeze zizi au alipe mahari, sasa akaanza kuibwa ili auzwe. Mwanaanthropolojia Michael Fleisher, aliyefanya utafiti Tarime katika miaka ya 1990, amelieleza badiliko hili kwa kina, na kwangu ndilo kiini cha hadithi nzima. Wizi wa kujaza zizi una kikomo, kwa sababu zizi linaonekana na majirani wanahesabu. Wizi wa kuuza hauna kikomo hicho. Ng'ombe anayelala machinjioni asubuhi hana tena mwenyewe, hana alama wala ukoo.

Inafaa tuutazame wizi wenyewe kwa karibu. Wezi huja usiku wa giza, mara nyingi wakiwa na mwenyeji wa jirani aliyewaonyesha zizi. Ua wa miiba hufunguliwa upande wa nyuma, mbali na mlango wa mwenye boma, na ng'ombe hutolewa polepole wasipige kelele. Kabla ya mapambazuko wanakuwa wameshaswagwa mbali, wakipokezanwa na kundi jingine. Mwenye mali akiamka hupiga yowe, na yowe hupokewa kijiji kwa kijiji. Kisha wanaume hufuata unyayo. Kwato za kundi linalokimbizwa huingia ardhini kwa namna tofauti na za kundi linalochungwa, na mzoefu anajua idadi yake na saa lilipopita. Unyayo ukiingia kwenye ardhi ya kijiji fulani, wenyeji wa hapo hupaswa kuupokea na kuuendeleza mpaka utoke kwao. Ukipotelea kwao, wao ndio watakaodaiwa ng'ombe. Utaratibu huu umesifiwa na umelaumiwa sana mkoani Mara, kwa sababu unamlipisha asiyeiba. Lakini ni utaratibu, wenye wajibu, ushahidi na fidia, na mtu mwenye ghadhabu ya kuzaliwa asingekaa kuhesabu kwato.

Atauliza mwenye shaka: mbona wizi ulikuwapo hata kabla ya soko na mpaka? Ulikuwapo, na nimeshasema. Kinachobishaniwa ni kama ulikuwa silika au mpango, na hapa kuna ushahidi mmoja ambao haujatajwa vya kutosha. Mahari ya Wakurya ilifahamika kuwa miongoni mwa mahari kubwa kabisa Afrika Mashariki, na watawala wa kikoloni walijaribu kuiwekea kikomo bila mafanikio ya maana. Kaka huoa kwa ng'ombe wa mahari ya dada yake. Familia yenye mabinti wengi na wavulana wachache haina shida. Yenye wavulana wengi na binti mmoja ina vijana wawili watatu ambao hawataoa mpaka wapate ng'ombe kwa njia nyingine. Fleisher alipochunguza kaya, aliona kwamba waliokuwa wakielekea kwenye wizi wa ng'ombe zaidi ya wenzao walikuwa vijana wa nyumba hizo zenye upungufu wa dada. Wavulana wa mji mmoja, ukoo mmoja, damu moja kama mtu anataka kuiita hivyo, wakatengana njia kwa sababu ya hesabu ya watoto wa mama zao. Nadharia ya kabila kali haina la kusema mbele ya jambo hili. Inaweza kueleza kwa nini kila mtu anaiba, au kwa nini hakuna anayeiba, lakini haiwezi kueleza kwa nini huyu anaiba na binamu yake analima mahindi.

Jeshi nalo limetumika kama hoja ya upande wa pili: kama si wapiganaji wa asili, mbona walijaa jeshini? Waingereza walikuwa na imani yao kuhusu makabila ya kivita, wakayatafuta hayo hayo kwa ajili ya jeshi lao la King's African Rifles, na Wakurya wakawa kati ya waliosajiliwa kwa wingi. Mtu akichagua askari kutoka sehemu moja kwa miongo kadhaa, kisha akashangaa kwamba sehemu hiyo ina askari wengi, ameuona mkono wake mwenyewe. Ukichunguza zaidi, utaona kwamba jeshi lilikuwa ajira ya uhakika mahali palipokuwa na ajira chache, na mshahara wake ulinunua ng'ombe. Desturi hiyo iliendelea baada ya uhuru. Ilipofika Vita vya Kagera, Oktoba 1978, Tanzania ilikusanya maelfu ya mgambo na askari, na wanaume wa Mara walikuwa wengi kati yao. Vita vilikwisha mwaka 1979, na bunduki zikarudi nyumbani pamoja na watu. Uchumi ulikuwa taabani, na mpaka na Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, usifunguliwe hadi 1983. Mpaka uliofungwa ni neema kwa magendo. Katika miaka ya 1980 makundi yenye bunduki za kivita yaliwavamia Wangoreme, Waikoma na Wataturu wa Serengeti, na watu waliokuwa wakijilinda kwa mishale hawakuwa na la kufanya. Vipo vijiji ambamo ufugaji ulikoma kabisa kwa muda, si kwa maradhi wala ukame. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyotangazwa mwaka 1951 na baadaye kuongezewa pembe ya Lamai kaskazini ya Mto Mara, ikawa na kazi ambayo hakuna mhifadhi aliyeikusudia: pori pana lisilo na makazi, njia nzuri ya kuswagia ng'ombe usiku.

Pingamizi zito zaidi ni hili. Sehemu nyingi za Tanzania zina umaskini, mahari na wastaafu wa jeshi, na hazina wizi wa namna hii. Kwa hiyo, watasema, kuna kitu cha ziada kwa Wakurya. Nakubali kuna cha ziada, ila kiko kwenye ramani. Chukua mfano wa mbali ambao hakuna atakayeuhusisha na Afrika. Kwa karibu karne tatu, mpaka wa Uskoti na Uingereza ulikuwa nchi ya wezi wa ng'ombe. Koo za Armstrong, Elliot na Graham zilivuka usiku, zikachoma, zikaswaga, zikauana. Palikuwa na sheria za mpakani zilizoandikwa mwaka 1249, na zamani hizo aliyeibiwa aliruhusiwa kuvuka mpaka kufuata ng'ombe wake ndani ya siku sita, hadharani, akiwa na bonge la udongo wa majani linalowaka kwenye ncha ya mkuki. Mzee wa Kikurya angeutambua mara moja utaratibu huo wa unyayo. Mwaka 1603 mfalme wa Uskoti alirithi kiti cha Uingereza, mpaka ukakosa maana, wezi wakanyongwa au kuhamishiwa Ireland, na katika kizazi kimoja au viwili biashara ikafa. Karne mbili baadaye Walter Scott alikusanya nyimbo zao kama fasihi ya kupendeza. Leo hakuna anayemshuku Armstrong kwa ng'ombe wake. Mmoja wao alikuwa mtu wa kwanza kukanyaga mwezini. Hata Achilles wa Homer, anapomgombeza mkubwa wake, anasema Watroya hawajawahi kuwaswaga ng'ombe wake, kana kwamba hiyo ndiyo ingekuwa sababu halali ya vita. Ng'ombe hutembea kwa miguu yake mwenyewe, na ni mali inayojisafirisha. Penye ng'ombe, mpaka na mnunuzi asiyeuliza, watu wa rangi na lugha yoyote wameiba.

Mfuasi wa Hobbes atasema basi ninathibitisha hoja yake, kwamba ni dola iliyokomesha wizi wa Uskoti. Kwa sehemu, ndiyo. Lakini huku kwetu dola ilikuja na mkono mwingine. Ndiyo iliyoleta mpaka, kodi, bunduki na soko, na ilipotaka kuzuia wizi mara nyingi ilitoza faini ukoo mzima, jambo lililokaza undugu ule ule iliotaka kuulegeza. Kilichofanya kazi vizuri zaidi kilitoka pembeni. Sungusungu, walinzi wa vijiji, walianza kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali ikawakubali, na sheria ya mwaka 1989 ikawapa uwezo wa kukamata wahalifu. Tarime waliwapokea na kuwachanganya na ritongo lao. Ng'ambo ya Kenya, Wakurya walifuata mwaka 1998, na mtafiti Suzette Heald ameeleza jinsi wizi ulivyoshuka huko kwa kasi. Sungusungu hawakuwa malaika. Walichapa watu, walitoza faini bila stakabadhi, na wapo waliowaonea wasio na hatia. Ila kwa hoja yetu jambo moja linatosha: walinzi hao walikuwa wanaume wa vijiji vile vile na rika zile zile zilizokuwa zikitoa wezi. Kama damu ndiyo inayoamua, damu ya nani ilibadilika kati ya msimu mmoja na mwingine?

Mtu wa mkoa huu wa Mara alilifikiria jambo hili kwa kina kuliko wengi. Julius Nyerere, Mzanaki wa Butiama, aliandika mwaka 1962 kwamba ujamaa una mzizi wake katika familia pana ya Kiafrika, na kwamba undugu huo hauna budi kupanuliwa upite kabila na taifa hadi uwaguse wanadamu wote. Wakosoaji wamemlaumu kwa kuipamba jamii ya zamani, na nadhani wana haki: familia pana ilikuwa na adui wake, na katika Mara hilo lilijulikana vizuri. Hata hivyo alilenga penyewe. Aliliona tatizo kuwa ni upana wa duara, wala si ubovu wa moyo. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyemaliza mwaka 1945 riwaya yake ya Kikerewe kuhusu Myombekere na Bugonoka, iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 1980, anaonyesha kwa utulivu jinsi duara hilo linavyopanuliwa kwa vitendo. Mume aliyenyang'anywa mke kwa sababu ya matusi ya jamaa zake haendi na mkuki. Anakwenda ukweni kuomba, anatozwa pombe ya ndizi, anaitafuta, anaipeleka. Fasihi ya Ziwa Viktoria, tofauti na nyimbo za litungu zinazowasifu mashujaa, ina subira ya ajabu na kazi hiyo ndefu ya kulipa na kusubiri.

Bado mpaka mpya unaweza kuchorwa wakati wowote. Mgodi wa North Mara ulipoanza kuchimba Nyamongo mwaka 2002, vijana ambao baba zao wangezungumzia zizi walianza kuzungumzia mawe: kuingia eneo la mgodi usiku, kubeba mawe yenye dhahabu, kuyauza kwa wenye vinu vya kusagia. Mei 2011 polisi waliwapiga risasi na kuwaua watu watano hapo. Serikali ilikuwa imeshaunda Kanda Maalumu ya Kipolisi ya Tarime na Rorya, ishara kwamba sehemu hii inahesabiwa kuwa na tatizo lisilopatikana kwingine. Na katika mjadala wote, wa ng'ombe kama wa mawe, mtu mmoja hutajwa kwa nadra. Kijana wa kijiji cha Kewanja au cha Nyamwaga huchambuliwa tabia yake, mila yake, ulevi wake, hata tohara yake. Lakini kila ng'ombe aliyevuka mpaka wa Sirari usiku alikuwa na mtu wa kumpokea, mwenye duka la nyama, leseni na mizani, na kila jiwe lina mwenye kinu. Huyo hana sifa ya ukali wala kabila lake halijadiliwi, na bei anayotoa ndiyo iliyoamua, kwa karibu miaka mia moja, kundi lipi litoke zizi lipi.